Skimu ya mwavuli ya pensheni: kazi wanaibeba, dhamana inabaki kwa mwajiri

Hukumu yangu naitoa mapema kwa ajili ya asiye na muda wa kusoma hadi mwisho. Skimu ya mwavuli, yaani skimu moja ya pensheni inayotumiwa na waajiri wengi kwa pamoja, ni uamuzi mzuri kwa mwajiri mwenye wafanyakazi wasiozidi mia moja, na hii tunayoitumia naipa saba kwa kumi. Alama tatu ilizokosa zimepotelea mahali pamoja: kuifuatilia pesa ya mfanyakazi tangu inapokatwa kwenye mshahara hadi inapoonekana kwenye akaunti yake. Mwajiri anayedhani kwamba akishajiunga na mwavuli ameshamtwika mtu mwingine jukumu hilo, iko siku ataulizwa maswali asiyokuwa na majibu yake.

Mimi ni mkuu wa fedha wa hoteli moja ya Diani, pwani ya Kenya. Kabla ya mwavuli tulikuwa na skimu yetu wenyewe nami nikiwa mmoja wa wadhamini wake, yaani watu wanaoisimamia skimu kwa niaba ya wanachama, kwa hiyo nimeijua kazi hii kwa pande zote mbili. Kampuni inayotuhudumia siitaji jina, kwa sababu sehemu ya ninayoyaandika ni malalamiko ambayo bado tunayamaliza nao.

Kwanza niseme kwa nini tuliiacha skimu yetu. Nchini Kenya, kuchangia NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ni lazima, lakini skimu ya kazini mwajiri huianzisha kwa hiari. Ukishaianzisha, hiari imekwisha. Sheria ya Mafao ya Kustaafu ya mwaka 1997, ambayo ndiyo iliyounda RBA, Mamlaka inayozisimamia skimu zote, inataka skimu isajiliwe, iwe na wadhamini, na wawepo msimamizi wa kumbukumbu, meneja wa uwekezaji na benki ya kutunza mali, kila mmoja akiwa na usajili wake. Hesabu zikaguliwe kila mwaka. Wanachama waitwe mkutanoni, na kila mmoja apewe taarifa ya akiba yake. Wadhamini nao wasome, maana Mamlaka haitaki mtu ashike pesa za wenzake kwa sababu tu ni mwaminifu na anapendwa kazini.

Ukiyatazama haya haraka utaona ni urasimu. Nilipokaa kwenye mafunzo ya wadhamini ndipo nilipoelewa shabaha yake. Mwalimu wetu alitueleza habari za Robert Maxwell, tajiri wa magazeti wa Uingereza aliyefia baharini karibu na visiwa vya Canary Novemba 1991. Alipokwisha kufa ndipo ilipogundulika kwamba mamia ya mamilioni ya pauni yamechotwa kwenye mifuko ya pensheni ya wafanyakazi wa kampuni zake, wale wa gazeti la Mirror wakiwemo, na kutumiwa kuziokoa biashara zake zilizokuwa zikizama. Ilibidi Uingereza itunge Sheria ya Pensheni ya mwaka 1995. Tangu siku ile sijauliza tena kwa nini anayeamua pesa iwekezwe wapi asiwe ndiye anayeishika, na anayeishika asiwe ndiye anayeandika fulani ana kiasi gani. Sheria yetu pia inakataza pesa za skimu kukopeshwa mtu yeyote, na mwenye kampuni ni wa kwanza katika hao.

Tatizo ni kwamba vyote hivyo vinagharimu, na skimu ndogo inalipa karibu sawa na kubwa. Ada ya mkaguzi haipungui sana kwa sababu wanachama wako ni sitini badala ya mia sita. Kila mdhamini aliyeacha kazi kwetu aliondoka na mafunzo tuliyomlipia, na hotelini watu huondoka. Mkutano wa wadhamini ulikuwa ukiahirishwa kwa sababu mkuu wa jikoni ana harusi ya watu mia tatu Jumamosi ile ile. Tulipokokotoa tukaona gharama za kuendesha skimu zinakula sehemu kubwa ya faida ya wanachama, na hapo kuendelea nayo ndiyo ingekuwa kuwakosea.

Mwavuli unaziondoa karibu gharama zote hizo. Waajiri wengi wanakuwa chini ya skimu moja, hati moja ya udhamini, mdhamini ambaye ni kampuni yenye kazi hiyo tu, mkaguzi mmoja, benki moja. Kila mwajiri anabaki na kanuni zake mwenyewe za viwango vya michango na umri wa kustaafu. Sisi mfanyakazi anachangia asilimia 5 ya mshahara wa msingi na hoteli inaongeza asilimia 7.5. Kuhama kulichukua muda, kwa kuwa hesabu za skimu ya zamani zilibidi zikaguliwe na kila mwanachama aone salio lake la mwisho kabla halijavuka, na katika hilo kampuni ilifanya kazi safi. Walimtuma kijana mmoja msikivu akakaa na wafanyakazi kwa makundi, wapishi saa tano kabla ya chakula cha mchana, walinzi wa usiku alfajiri walipokuwa wakibadilishana zamu, akijibu kwa Kiswahili kinachoeleweka. Mtunza bustani mmoja alimuuliza, "Mwanangu, nikifa kesho hizi ni za nani?" Akajibiwa bila kuzungushwa. Kwa siku zile nawapa kumi kwa kumi.

Tena kuchagua mwavuli kwenyewe ni kazi ya dhamana, na hapa waajiri wengi hupita mbio. Kampuni ya jamaa ya mkurugenzi ilikuwa ya kwanza kupiga simu. Tulimshukuru, tukaomba mapendekezo kwa maandishi kutoka kwa kampuni nyingine pia, tukalinganisha ada, faida waliyowagawia wanachama kwa miaka kadhaa na muda wao wa kulipa madai, kisha tukaandika kwenye kumbukumbu za kikao kwa nini tumechagua hii na si ile. Karatasi hizo ziko kwenye faili. Akija mtu kuuliza miaka kumi baadaye, wakati sisi sote tumeshaondoka, atakuta sababu zetu zimeandikwa.

Sasa nije kwenye kinachobaki kwako. Mwavuli haukati mshahara. Anayekata ni wewe. Shilingi ya mfanyakazi ikishakatwa imeacha kuwa mshahara na haijawa pensheni. Iko kwenye akaunti ya hoteli, imechanganyika na pesa za samaki, za dizeli ya jenereta na za mawakala wa utalii. Kanuni zetu zinataka iwe imefika kwenye benki inayotunza mali ya skimu ifikapo tarehe 10 ya mwezi unaofuata. Hizo siku chache ndizo zenye hatari kuliko miaka yote thelathini inayofuata.

Diani, Mei na Juni ni miezi ya mvua na vyumba vitupu. Mwaka mmoja mkurugenzi alinijia ofisini, mtu mwema ambaye hajawahi kuchelewesha mshahara, akasema, "Bi Zuhura, hizi za pensheni haziwezi kungoja Julai? Mawakala wa Ulaya wakilipa tunapeleka zote pamoja na hakuna atakayeumia." Nilimfungulia kifungu cha 53A cha sheria, kinachohusu mwajiri aliyekata michango asiipeleke. Nikamwambia, "Bosi, mchango wa hoteli wenyewe ukichelewa ni deni na tunaweza kuliongea. Ila hii asilimia tano ya mpishi ameshaitoa. Hati yake ya mshahara inasema ameitoa." Alikaa kimya, akaagiza malipo ya rangi ya majengo yasogezwe mbele, na pensheni ikaenda kwa wakati. Nalieleza hili kwa sababu michango mingi isiyopelekwa inaanzia kwenye swali la namna ile, linaloulizwa na mtu asiye na nia mbaya, mwezi ambao benki inakaribia sifuri. Hapa kwetu serikali za kaunti na vyuo vikuu vya umma vimetajwa mwaka hadi mwaka kwa mabilioni ya michango ambayo haijapelekwa, na wastaafu wake wanalala kwenye viti vya ofisi wakisubiri. Deni hilo nalo lilianza na mwezi mmoja.

Ndiyo maana lawama yangu kubwa kwa kampuni hii inahusu Machi.

Michango ya Machi tuliituma kabla ya tarehe, na jedwali la majina na viwango likaenda kwa barua pepe siku hiyo hiyo. Benki ikathibitisha kupokea. Mimi nina desturi ya kuingia kwenye tovuti ya skimu kila baada ya miezi mitatu na kulinganisha mwanachama mmoja mmoja na jedwali langu, kazi ya kuchosha inayonipotezea siku nzima. Julai nilipoingia, Machi haikuwepo. Si kwa mtu mmoja, kwa wote. Pesa ilikuwa benki, imekaa kwenye akaunti ya pesa zisizojulikana zinakokwenda, kwa sababu karani aliyekuwa akipokea majedwali yetu ameacha kazi na barua pepe yake haifunguliwi na mtu. Aprili na Mei zilikuwepo. Hakuna aliyejiuliza mbona katikati pana pengo.

Kwenye Aprili nako nikakuta jingine. Tuna wafanyakazi wawili wanaofanana majina mawili ya mwanzo, mmoja msafisha vyumba, mwingine fundi wa mabwawa ya kuogelea. Msafisha vyumba mshahara wake wa msingi ni 26,000, kwa hiyo mchango wake na wa hoteli pamoja ni 3,250. Wa fundi ni 34,000, mchango 4,250. Kwenye tovuti, Aprili ya msafisha vyumba ilisoma 7,500 na ya fundi ilisoma sifuri. Mtu alikuwa akiingiza kwa majina badala ya namba za uanachama, ambazo zimo kwenye jedwali letu, safu ya kwanza kabisa, kwa wino mzito.

Naomba mwajiri anayesoma hapa atulie kidogo kwenye hesabu hiyo. Jumla ya Aprili ilikuwa sahihi hadi senti. Mkaguzi akilinganisha kilichotumwa na kilichopokelewa, anaweka tiki na kuendelea. Kosa la namna hii linaonwa na mtu anayelinganisha jina kwa jina, na mtu huyo hayuko Nairobi. Ni wewe, au ni mfanyakazi mwenyewe siku anayostaafu, wakati mafaili ya mshahara ya miaka ishirini iliyopita yamekwisha liwa na mchwa.

Kampuni ilirekebisha upesi nilipoandika, na hilo nawakubalia. Lakini mwanzoni waliiingiza Machi kwa tarehe ya Julai, yaani wanachama walipoteza faida ya miezi ile. Nikaandika tena, nikitaka faida ihesabiwe tangu siku benki ilipoipokea pesa na gharama ibebwe na kampuni, si na mfuko wa wanachama wengine. Walivutana nami, mwishowe wakalipa. Kwa mwanachama mmoja ilikuwa pesa kidogo tu, na meneja mmoja akaniuliza kwa nini nashikilia kiasi hicho. Nashikilia kwa sababu si changu kukisamehe. Angekisamehe msafisha vyumba, na yeye hakuulizwa.

Kinachonikosesha usingizi zaidi ya kosa lenyewe ni ukimya. Hebu fikiria mwajiri ambaye Machi hiyo hakutuma kitu kabisa, aliyeila. Kwa upande wa kampuni, angeonekana sawasawa na mimi: pengo la mwezi mmoja. Na kama mimi sikuulizwa, yeye pia asingeulizwa. Wadhamini wa mwavuli wana wajibu wa kudai michango isiyofika, na mdhamini anayesubiri mwajiri ajilete mwenyewe hajaufanya wajibu huo. Mwanachama naye angejuaje? Taarifa yake huja mara moja kwa mwaka. Ujumbe mfupi wa simu kila mchango unapoingia, kama ule ambao M-Pesa imetuzoesha hata kwa shilingi hamsini, ungelimaliza jambo hili. Kampuni nyingine zinautuma. Hii yetu inasema bado inautengeneza.

Jambo la NSSF niliguse, kwa kuwa limeongeza kazi na wengi wanalichanganya. Tangu Februari 2023 Sheria ya NSSF ya mwaka 2013 ilipoanza kutekelezwa, ule mchango wa zamani wa shilingi mia mbili kwa mwezi umekwisha. Sasa ni asilimia 6 ya mfanyakazi na 6 ya mwajiri, kwa madaraja mawili. Kwa viwango vilivyoanza Februari 2025, daraja la kwanza liliishia mshahara wa 8,000 na la pili liliishia 72,000. Kwa hiyo kwa viwango hivyo yule fundi wetu wa 34,000 alikatwa 2,040, na 480 kati ya hizo zilikuwa lazima ziende NSSF. Zile za daraja la pili, ambazo kwake zilikuwa 1,560, mwajiri anaweza kuomba idhini ya RBA azipeleke kwenye skimu ya kazini badala yake. Mawakala wa skimu wanalipenda sana daraja la pili na watakuja na chati. Waulize jambo moja: je, mtalitenganisha na michango ya kawaida kwenye kumbukumbu zenu? Daraja la pili lina masharti yake ya kutolewa, na mfanyakazi akiacha kazi lazima ijulikane kipi ni kipi. Kwetu mwaka wa kwanza walivichanganya kwenye safu moja. Sasa vimetengana.

Kuhusu uwekezaji sina lawama. Ripoti ya robo mwaka inaeleweka na inaonyesha pesa ilipo kwa kulinganisha na mipaka ya RBA: hadi asilimia 90 kwenye dhamana za serikali, 70 kwenye hisa zilizoorodheshwa sokoni, 30 kwenye majengo na ardhi, 15 nje. Skimu yetu imeegemea hatifungani za serikali, kama ilivyo kawaida nchini, na kwa watu wanaopokea mishahara midogo sioni ubaya. Ningependa tu ripoti hiyo itafsiriwe. Kurasa ishirini za Kiingereza cha soko la hisa hazimfikii mlinzi wa geti, na pesa ni zake.

Ada ni jambo ambalo mwajiri ana wajibu wa kulielewa hata kama halipendi. Kuna ya msimamizi, ya mdhamini, ya meneja wa uwekezaji, ya benki, na tozo ya Mamlaka. Kila moja ikitajwa peke yake inaonekana haina uzito. Chukua laki moja iliyowekwa leo kwa mfanyakazi wa miaka 35. Ikikua kwa asilimia 10 kwa mwaka, baada ya miaka 25 ni kama milioni moja na elfu themanini. Ikikua kwa asilimia 8.5, kwa sababu moja na nusu imekwenda kwenye ada, inaishia kama laki saba na elfu sitini na nane. Zaidi ya laki tatu zimeondoka kwa kile kinachoitwa "moja na nusu tu". Sisi tulidai ada zote ziandikwe kwenye ukurasa mmoja, kwa asilimia na kwa shilingi, na kampuni ikatupa bila ubishi. Akikupa mtu maelezo ya mdomo kuhusu ada, omba ukurasa huo kabla ya kutia sahihi.

Sasa kifo, ambacho ndicho kipimo cha kweli cha huduma hii. Mmoja wa wafanyakazi wetu wa siku nyingi alifariki akiwa bado kazini, akaacha mjane, watoto wa umri wa shule na ndugu wakubwa. Fomu yake ya kuteua wa kulipwa ilijazwa alipoajiriwa akiwa kijana hajaoa, na jina lililomo lilikuwa la mama yake, ambaye alishatangulia mbele ya haki. Ndugu walikuja na msimamo kwamba pesa ziingie kwenye mirathi zikagawanywe kwa Kadhi pamoja na shamba na nyumba. Nilikaa nao barazani nikawaeleza pole pole kwamba pensheni ya skimu sheria imeiweka kando: hulipwa aliyeteuliwa, na asipokuwepo, wadhamini ndio wanaoamua kwa kuwaangalia waliokuwa wakimtegemea marehemu. Haikuwa rahisi kwao kulipokea, na sikuwalaumu.

Kampuni ilishughulikia uamuzi wenyewe kwa haki. Waliomba barua ya chifu, vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa na maelezo ya shule, wakamsikiliza mjane kwa simu na wakawasikiliza ndugu pia, na mafungu ya watoto wakayawekea utaratibu wake ili yasipotelee mikononi mwa mtu. Nimeridhika na busara ile. Sikuridhika na mwendo. Karatasi ziliombwa moja baada ya nyingine badala ya zote mara moja, na kila moja ilimgharimu mjane nauli ya kutoka kijijini hadi Ukunda na kurudi. Orodha kamili ya karatasi ingeweza kubandikwa kwenye tovuti yao leo hii. Mimi nimeiandika ya kwangu na nampa yeyote anayefiwa siku ya kwanza.

Tangu hapo kila Januari tunamrudishia kila mfanyakazi fomu yake aisome na kuijaza upya kama mambo yamebadilika. Hatuwaulizi kwa nini. Wengine wanaomba kalamu palepale. Kampuni haikutuagiza kufanya hivyo, na huduma yake ingekuwa bora kama ingewaagiza waajiri wote.

Kwa mwajiri anayefikiria mwavuli, ushauri wangu ni huu. Ukiwa na wafanyakazi wachache na huna wadhamini wa kudumu, ingia. Ukiwa na mamia na una watu waliosoma kazi hii, piga hesabu kwanza, huenda skimu yako mwenyewe ni nafuu na ina sauti zaidi ya wafanyakazi, kwa sababu kwenye mwavuli mdhamini ni kampuni na mpishi wako hayumo kwenye kikao. Kabla ya kutia sahihi waulize mwezi ukipita bila mchango wanamwandikia nani na baada ya siku ngapi. Waulize michango inaingizwa kwa jina au kwa namba. Waulize dai la mwisho la kifo walilolipa lilichukua muda gani tangu karatasi zilipokamilika. Mtu wa mauzo akikosa jibu, mwambie akuletee msimamizi wa kumbukumbu mwenyewe. Huyo ndiye utakayeishi naye.

Mkataba wetu unafikia mwisho Desemba. Tumewaandikia tukitaka mambo mawili yaingizwe kwenye mkataba mpya: taarifa ya maandishi kwa hoteli na kwa kila mwanachama ifikapo tarehe 20 kama mchango wa mwezi haujaingizwa, na fidia ya faida iliyopotea ilipwe na aliyechelewesha, awe ni wao au ni sisi. La pili wamelikubali kwa barua. La kwanza wanasema linasubiri mfumo wao mpya wa kompyuta, nasi tumewajibu kwamba barua pepe ya kawaida inatosha. Wakilikubali tutabaki nao na nitawaongezea alama mbili kwa moyo mweupe. Wakilikataa, mapendekezo ya kampuni nyingine tumeshaanza kuyaomba, na majina yote ya wanachama yako tayari yakiwa na namba zake.